Nyongeza Haiufanyi Waraka Kuwa wa Kughushi

Katika mihadhara ya kulinganisha dini, ambayo imeenea pwani ya Waswahili tangu miaka ya 1980, imezoeleka imani kwamba maneno machache yaliyoongezwa baadaye yakionekana katika nyaraka za Agano Jipya, basi nyaraka zote zimeghushiwa. Imani hiyo ni dhaifu, na wanaoishikilia hawathubutu kuvipima kwa kipimo hicho vitabu wanavyovienzi wenyewe.

Hoja inayorudiwa mara nyingi ni ya Waraka wa Kwanza wa Yohana 5:7–8, penye maneno juu ya mashahidi watatu wa mbinguni. Maneno hayo hayamo katika Codex Sinaiticus wala Codex Vaticanus, nakala za Kigiriki za karne ya 4, na mtaalamu Erasmus aliyaacha katika matoleo yake ya Agano Jipya la Kigiriki ya 1516 na 1519 kabla ya kuyaingiza mwaka 1522. Hata hivyo jambo hilo si siri iliyofichuliwa na wapinzani wa Kanisa, kwa kuwa Biblia ya Kiswahili ya Union Version yenyewe imeyafunga ndani ya mabano. Nyongeza hiyo ilitambulika kwa sababu nakala za kale zilikuwa nyingi na zilitawanyika mbali, hata hakuna mnukuzi, yaani mwandishi aliyenakili kwa mkono, ambaye angeweza kuzibadili zote.

Tofauti na hiyo ni 1 Wakorintho 14:34–35, juu ya wanawake kunyamaza kanisani. Baadhi ya nakala zimeziweka aya hizo baada ya aya ya 40, na kwa sababu hiyo wataalamu kama Gordon Fee wanaona kwamba zilianza kama maelezo ya pambizoni yaliyoingizwa baadaye. Lakini hakuna nakala inayojulikana isiyo nazo. Nyongeza ya kwanza imethibitika, ya pili inadhaniwa tu, na anayezihesabu pamoja anawapotosha wasikilizaji wake.

Kipimo hicho cha kukataa maandiko yote kwa sababu ya kasoro chache kingeleta hasara ya haraka hata kwa historia ya pwani yenyewe, kwa mfano huko Vamizi na visiwa jirani vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako baadhi ya koo hujinasibisha na Washirazi, wanaosimuliwa kuwa waanzilishi wa mji wa Kilwa. Habari za kuanzishwa kwa Kilwa zimetufikia kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno wa João de Barros, uliochapishwa mwaka 1552, na kitabu cha Kiarabu ambacho nakala yake iliyobaki iliandikwa mwaka 1877. Barros anataja majahazi mawili ya waanzilishi hao, kitabu cha Kiarabu kinataja saba, na hata jina la mwanzilishi halilingani. Hakuna mwanahistoria makini aliyevitupa vyote viwili kwa sababu hiyo. Huvilinganisha, kisha huvipima kwa sarafu na magofu.

Haki hiyo hiyo wapewe Yohana na Paulo. Nyongeza ikithibitika iondolewe, inayodhaniwa ijadiliwe, na anayeyakataa mafundisho ya waraka ayajibu mafundisho yenyewe badala ya kujificha nyuma ya kosa la mnukuzi.