Promota akimiliki kona zote mbili, anayepigwa ni mnunuzi wa tiketi

Asubuhi ya Mei 3, 2015 nilikuwa Namanga, kwenye kibanda umiza kilichojaa madereva wa malori na wafanyabiashara wa vitunguu. Las Vegas ilikuwa bado usiku wa Jumamosi, lakini kwetu jua lilishatoka, na kwenye skrini Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walikuwa wanapanda ulingoni. Raundi 12 zilikwisha bila mtu kuanguka. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye lori lake la vitunguu lilikuwa nje, aliinuka, akajikung'uta suruali na kusema, "Huu mzigo umechelewa sokoni."

Alikuwa sahihi kuliko wachambuzi wengi niliowasoma wiki ile. Mazungumzo ya pambano hilo yalianza mwishoni mwa 2009, Mayweather akiwa na miaka 32 na Pacquiao ndio kwanza anatimiza 31. Walipokutana, mmoja alikuwa na 38 na mwenzake 36, tena Pacquiao alikuwa na bega bovu. Kilichotangazwa sana kuwa chanzo cha kuchelewa ni ugomvi wa vipimo vya damu. Lakini nyuma ya pazia palikuwa na biashara. Pacquiao alikuwa chini ya Bob Arum na kampuni yake ya Top Rank. Mayweather aliwahi kuwa huko huko, na mwaka 2006 alilipa dola 750,000 ili avunje mkataba na kuondoka. Baadaye kila mmoja akawa na televisheni yake, huyu Showtime, yule HBO.

Hapa ndipo ngumi zinapoachana na vitunguu. Kitunguu kikichelewa, hasara ni ya mwenye mzigo. Pambano lile lilichelewa zaidi ya miaka mitano, na bado lilinunuliwa mara milioni 4.6 nchini Marekani, kwa bei iliyofika karibu dola 100 kwa kila televisheni. Mzigo uliopitwa na wakati ukauzwa kwa bei ambayo mzigo mbichi haukuwahi kupata. Sasa niambie, promota gani atakuwa na haraka?

Wengi wetu tunapoona pambano halifanyiki tunasema bondia fulani mwoga. Mimi siamini hivyo. Bondia ni mtu aliyekubali kupigwa kichwani ili ale. Uoga, kama upo, uko ofisini. Promota humsainisha bondia kwa miaka kadhaa, humtafutia televisheni au mdhamini, na thamani ya bondia huyo sokoni ni rekodi yake. Asiyepigwa ni mtaji unaokua, na akipigwa mara moja bei hushuka. Kwa hiyo njia rahisi ya kulinda mtaji ni kumletea wageni wanaofungika. Kumkutanisha na bingwa wa kampuni nyingine ni kuhatarisha mtaji kwa faida ambayo utagawana na mshindani wako.

Kwenye soka hilo haliwezekani. Simba hawawezi kusema mwaka huu hatuchezi na Yanga kwa sababu wako kwenye televisheni nyingine, wala Gor Mahia hawawezi kuwakwepa AFC Leopards hadi wazeeke. Ratiba hupangwa na chombo kilicho juu ya klabu zote. Ngumi za kulipwa hazina ratiba. Zina vyama vinne vikubwa vya mikanda, WBA, WBC, IBF na WBO, na kila kimoja hukata ada yake kwenye malipo ya bingwa, kwa kawaida karibu asilimia 3. Vyama vinne maana yake ni mabingwa wanne katika uzito mmoja. Kila kampuni inaweza kujipatia bingwa wake na kumwita bingwa wa dunia bila kuvuka uzio wa jirani.

Mfano mwingine ni wa juzi tu. Kwa miaka kadhaa mashabiki waliomba Terence Crawford akutane na Errol Spence. Crawford alikuwa Top Rank, Spence alikuwa upande wa Al Haymon. Pambano likashindikana. Mkataba wa Crawford ulipokwisha mwaka 2021 aliondoka, na Julai 29, 2023 wakakutana. Akammaliza Spence raundi ya 9. Kizuizi hakikuwa ngumi za mtu.

Wapo wanaosema dawa ni tajiri mmoja awanunue wote. Wasaudi wamefanya karibu hivyo. Mei 18, 2024 mjini Riyadh, Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury na kuwa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu asiye na mpinzani tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Robo karne! Nililifurahia pambano lile, nakiri. Lakini haikupita hata miezi miwili Usyk akauacha mkanda wa IBF, kwa kuwa chama hicho kilikuwa na mpinzani wake wa lazima na Usyk alikuwa na mkataba wa marudiano na Fury. Fedha ilifungua geti, utaratibu ukabaki ule ule. Na ukitaka kujua mnunuzi mmoja huwafanyia nini wauzaji, watazame wapiganaji wa UFC. Kule wakali hukutana kweli, mashabiki wanafurahi, ila wapiganaji walikwenda mahakamani wakidai kampuni ilitumia ukubwa wake kuwabana malipo, na ikakubali kuwalipa dola milioni 375 ili kesi iishe. Wakulima wenye mnunuzi mmoja wa zao lao watanielewa bila maelezo zaidi.

Turudi nyumbani, maana ugonjwa huu tumeuagiza pamoja na glovu. Septemba 8, 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni Birmingham dhidi ya Sam Eggington, kijana wa huko huko, katika usiku ambao pambano kuu lilikuwa la Amir Khan. Mwakinyo alipelekwa kama mgeni. Mgeni huyo akamaliza kazi raundi ya 2. Hesabu ya promota iliharibika, Tanzania nzima ikakesha.

Machi 2019 Mwakinyo alipigana Nairobi, ukumbi wa KICC, usiku ule ule Fatuma Zarika akitetea mkanda wake wa WBC. Mtanzania na Mkenya kwenye tangazo moja, mashabiki wa pande mbili ukumbi mmoja. Nilidhani mlango umefunguka. Lakini hata usiku ule mpinzani wa Mwakinyo alitoka Argentina na wa Zarika alitoka Zambia.

Sina ugomvi na wageni. Ninachouliza ni kwa nini bondia wa Dar es Salaam na wa Kampala wa uzito mmoja, ambao mashabiki wao wanabishana kila siku kwenye foleni ya Mutukula, hawakutani. Jibu ni lile lile la Las Vegas. Promota wa nyumbani akimleta mgeni asiyejulikana, humlipa yeye na humlipa bondia wake, kona zote mbili ni zake. Akimleta mkali wa nchi jirani, anakuja na promota wake, na mmoja wao atarudi na mtaji uliopungua.

Wamarekani walau walitunga sheria. Tangu mwaka 2000, Sheria ya Muhammad Ali inamtaka promota amwonyeshe bondia mapato ya pambano lake, na inamkataza promota kuwa pia meneja wa bondia huyo. Haijamaliza matatizo, lakini bondia anajua mzigo wake umeuzwa kiasi gani. Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ina kamisheni ya ngumi za kulipwa. Wakikaa meza moja wanaweza kukubaliana mambo mawili. La kwanza, kila leseni ya pambano iambatane na hesabu ya mapato ambayo bondia ataiona. La pili, pawe na bingwa mmoja wa ukanda kwa kila uzito, apewe muda maalumu wa kumkabili mpinzani wake namba moja, na mapromota wakishindwa kuelewana, pambano liende kwa zabuni ya wazi. Zabuni si jambo geni, vyama vya dunia huifanya kila mara. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limeanza kazi tangu Julai 2010. Nyanya zinavuka, mitumba inavuka.

Na wewe mfanyabiashara una sauti kuliko unavyofikiri. Meza za mbele zinanunuliwa na watu kama wewe. Mabango ya ulingoni ni ya maduka na mabasi yenu. Promota akija kuomba udhamini, muulize mpinzani anatoka wapi, amepigana na nani, na nani anamlipa. Akijibu kwa kuzungukazunguka, mfanye unavyomfanya dalali asiyetaka gunia lifunguliwe.

Mimi tiketi ya Mtanzania na Mganda, au Mkenya na Mtanzania, wakiwa bado na miaka 27, naitoa hela leo. Hata likipigwa Namanga, saa 1 asubuhi, katikati ya malori ya vitunguu.