Mlima Hauoshi Vyombo

Juma hili niwieni radhi, ndugu wasomaji, kwani nitasema habari za nyumbani kwetu. Mwenyewe amenipa idhini.

Mtoto wa dada yangu anakaa Kitengela na mumewe na watoto watatu, na kazi yake ni ya hesabu katika afisi moja ya Nairobi. Huamka saa kumi za usiku, akasali Alfajiri, akatoka ili awahi kabla ya msongamano wa Mlolongo. Hurudi baada ya Isha, na simu ya mkubwa wake wa kazi ikamfuata mpaka kitandani. Mwaka huu akaanza kusahau: siku ya mkutano wa shule, hesabu alizokuwa akizijua kwa moyo, hata rakaa aliyomo. Usiku mmoja alinipigia akasema, "Mama mdogo, nikisujudu natamani nisiinuke." Nikafurahi, nikadhani ni khushuu. "Siyo hivyo," akanijibu, "ni usingizi."

Huku Mombasa mashauri yakawa mengi. Mmoja alisema ni husuda ya majirani, mwengine akataka apelekwe kwa mwalimu akasomewe. Simkatazi mtu kisomo, Qur'ani ni ponyo. Lakini mtu aliyekosa usingizi miaka miwili hahitaji kutafutiwa jini ili ijulikane kwa nini amechoka. Daktari alimpima, asimwone na maradhi, akamwambia apumzike. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 2019, liliieleza hali hii kuwa si ugonjwa bali ni jambo liletwalo na dhiki ya kazi ya muda mrefu isiyotafutiwa njia. Likaitia alama tatu: nguvu kwisha, moyo kuikimbia kazi, na mtu kujiona hafai kwa lile alilokuwa akiliweza. Yeye alikuwa nazo zote tatu.

Basi tukaenda Namanga, mimi na yeye, kwa siku tatu. Ukitoka Kitengela njia inakwenda kusini kupitia Isinya, Kajiado na Bissil. Nchi inazidi kukauka, ni migunga na ng'ombe na vumbi, mpaka unauona Ol Doinyo Orok, yaani mlima mweusi kwa Kimaasai, umesimama juu ya mji wa mpakani kwa kimo cha zaidi ya mita 2,500. Huku chini jua linaunguza, na kule juu msitu umejifunika mawingu. Tulipata kijumba kando ya mlima, mbali na barabara kuu. Ukitaka simu ishike, ni lazima upande juu ya jabali moja, naye hakupanda.

Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili, baada ya kusali Adhuhuri rakaa mbili za msafiri, alibaki ameketi juu ya mswala akalia. Nilipomuuliza, alisema: "Mwenyezi Mungu amenipunguzia rakaa kwa safari ya siku tatu tu. Mbona watu hawajanipunguzia chochote?" Sikuwa na jawabu. Nami ni mmoja wa hao watu, kwani kila arusi ya ukoo ni yeye tunayempelekea orodha ya michango aihesabu.

Siku ya tatu tukarudi. Jikoni, vyombo vya siku zote tatu vilikuwa vinamngoja. Mumewe si mtu mbaya: alikuwa amenunua kuku kwa furaha ya kumpokea mkewe, akamweka mezani, mbichi, apikwe. Yule mwana alisimama pale na buibui lake mwilini, na uso wake ukarudi ule ule niliokuja naye kutoka Kitengela.

Usiku ule nilifikiri habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Sisi tunapenda kulitaja pango la Hira na kule kujitenga kwake mlimani. Ni mara chache tunautaja mlango alioingilia aliposhuka akitetemeka, na Bi Khadija, Allah amuwie radhi, aliyemfunika nguo na kumliwaza. Tunawapeleka wake na mabinti zetu wakapumzike, na hatuulizi nani atawafunika wakirudi.

Nilikaa nao juma zima. Mume alipokumbushwa kwamba Mtume alikuwa akishona nguo zake na kuwatumikia watu wa nyumbani mwake, alinyamaza kidogo, kisha akakunja mikono ya kanzu. Kuku alimpika yeye. Chumvi ilizidi, tukala. Kijana mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, amepewa vyombo vya jioni, na orodha za arusi nimezichukua mimi.

Afisini ni kazi ngumu zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 zenye mshahara kamili kwa kila miezi 12. Yeye hakuwa amechukua hata moja katika miaka miwili, kwa kuogopa kuonekana mvivu. Tulikaa pamoja akaandika barua. Amepewa siku kumi sasa, na nyingine, ameambiwa, zitatazamwa. Kuacha kazi hawezi, maana karo ya watoto watatu haitoki kwa mshahara mmoja. Simu za usiku bado zinakuja. Siku hizi, ikisaliwa Isha, simu huachwa jikoni na mlango ukafungwa, ikalia humo.