Mkufunzi Mpya Apewe Muda wa Kufunza

Kila msimu unapoanza, katika vyuo na shule nyingi za Nakuru na viunga vyake hurudiwa sherehe moja. Wanafunzi hukusanyika uwanjani, mkuu wa michezo husimama, na mkufunzi mpya wa timu ya kandanda hutambulishwa kwa vifijo na nderemo. Yeye naye, kwa kuwa ni binadamu, huahidi kombe. Mechi tano baadaye, timu ikiwa imeambulia sare mbili na kushindwa mara tatu, sauti zile zile zilizomlaki huanza kudai afungashe virago. Aghalabu mwaka hauishi kabla hajapigwa kalamu, akatafutwa mwingine, na sherehe ikaanza upya.

Tunaamini kwamba desturi hii ni kosa. Hatusemi kwamba wakufunzi wasiwajibike. Tunasema kwamba wanapimwa kwa kipimo kisicho chao. Timu ya chuo si klabu ya ligi kuu. Klabu humnunua mchezaji aliyekwisha kuiva. Chuo humpokea kijana jinsi alivyo, na barua yake ya kujiunga mkononi. Klabu ikimpata kipa hodari huweza kukaa naye miaka kumi. Chuo humuaga baada ya miaka minne, pengine wakati ndiyo kwanza ameanza kuwapanga mabeki wake kwa sauti ya mtu anayejua analosema. Timu ya chuo ni kama mto: jina hubaki lile lile, lakini maji hayakomi kupita.

Hebu tufanye hesabu ambayo kila mwalimu anaielewa. Mkufunzi anayeingia leo hurithi kikosi kilichojengwa na mwenzake. Wachezaji wa mwaka wa nne aliowakuta wataondoka kabla hajawazoea vyema. Wale wa mwaka wa kwanza walioingia pamoja naye ndio mtihani wake hasa, nao hawatakomaa kabla ya msimu wa tatu au wa nne. Kumhukumu katika msimu wa kwanza ni sawa na kumkabidhi mwalimu darasa la kidato cha nne katika muhula wa tatu, kisha matokeo ya mtihani wa KCSE yakitoka vibaya, yeye peke yake akaitwa ofisini kujieleza. Walimu wakitendewa hivyo watalalamika, tena kwa haki. Mbona basi mwalimu wa uwanjani atendewe lile ambalo wa darasani hangelikubali?

Lugha yetu yenyewe imekwisha kutufumbulia jambo hili. Anayefundisha chuoni tunamwita mkufunzi, na anayeinoa timu tunamwita mkufunzi vile vile. Kazi yao wote wawili ni kufunza, na kufunza huchukua muda.

Nakuru ni mji wenye kumbukumbu ndefu ya soka. Itakumbukwa kwamba ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka wa 1963, mwaka ule ule wa uhuru, mabingwa wake wa kwanza walikuwa Nakuru All-Stars, na timu hiyo ikatawazwa tena mwaka wa 1969. Huko Naivasha, Oserian Fastac, timu iliyotokana na shamba la maua, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka wa 2001 na 2002. Leo Oserian haimo katika ligi hiyo, na ubingwa wa miaka miwili mfululizo haukutosha kuihakikishia kesho yake. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi ambayo kwa miaka mingi uwanja wa Afraha ulikuwa nyumbani kwake, ilishinda ligi mwaka wa 2003, 2004 na 2005, kisha tena mwaka wa 2010. Wachezaji wa Ulinzi ni wanajeshi, watu wenye kazi na nidhamu inayoendelea hata baada ya kipenga cha mwisho. Kikosi cha namna hiyo hakivunjiki kwa sababu ya Jumamosi moja mbaya. Vyuo vyetu, ambavyo navyo vina vijana waliofungwa na jambo kubwa kuliko mpira, vingejifunza mengi kutoka kwa wanajeshi hao kuliko kutoka kwa klabu zinazobadilisha makocha kama mashati.

Mfano bora zaidi wa subira, hata hivyo, hatuupati katika kandanda bali katika riadha, kaskazini mwa bonde letu hili la Ufa. Mwaka wa 1976 Bruda Colm O'Connell aliwasili kutoka Ayalandi kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten. Hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake, mwaka baada ya mwaka. Miaka 12 baadaye, Peter Rono, aliyelelewa katika shule hiyo, alishinda nishani ya dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul. Mwaka wa 2012 mwanariadha mwingine aliyenolewa na mtawa huyo, David Rudisha, alishinda mita 800 jijini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi mpya ya dunia. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tujiulize: kama wakuu wa shule wangemtaka mwalimu huyo wa jiografia alete nishani katika msimu wake wa kwanza au aondoke, leo tungekuwa tunasimulia nini?

Wapo watakaotupinga. Watasema kwamba mkufunzi mzuri huonekana mapema. Watatukumbusha kwamba Benni McCarthy wa Afrika Kusini aliteuliwa kuinoa Harambee Stars mwezi Machi 2025, na ilipofika Agosti timu hiyo ikaifunga Moroko 1-0 na kufika robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, kabla ya kutolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti. Moroko hao hao ndio waliolitwaa kombe mwishowe. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini mkufunzi wa timu ya taifa huchagua miongoni mwa watu wazima wa nchi nzima ambao soka ni kazi yao. Mwenzake wa chuo huchagua miongoni mwa vijana wanaotoka katika somo la kemia saa kumi jioni, wengine bila njumu, wengine bila chakula cha mchana. Kuwapima wawili hao kwa mizani moja si haki.

Tena pupa hii ina gharama, na anayeilipa ni mwanafunzi. Mkufunzi anayejua kwamba amebakishiwa mechi mbili za kuokoa kazi yake hatamchezesha kijana wa mwaka wa kwanza. Atatafuta njia ya mkato. Ataleta mamluki kutoka klabu ya mtaani, asajiliwe katika kozi ambayo hatahudhuria hata siku moja. Atamfunga bendeji mchezaji mwenye goti bovu na kumrudisha uwanjani. Atafumba macho nahodha anapokosa majaribio ya darasani kwa sababu ya safari ya mechi. Msimu ukiisha, mamluki atarudi kwake, mkufunzi ataondoka, na kijana atabaki na goti lake na mtihani wa kurudia. Hapo ndipo tunapotambua kwamba tulikuwa tunacheza na maisha ya watu.

Shule za sekondari nazo zisijione salama. Huko mkufunzi aghalabu ni mwalimu yule yule wa hisabati au Kiswahili, anayesahihisha madaftari usiku na kupuliza kipenga jioni, mara nyingi bila malipo ya ziada. Akishinda, sifa ni za shule. Akishindwa, lawama ni zake. Jambo hili sasa lina uzito mpya. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wameanza elimu ya sekondari ya juu ya miaka mitatu, na Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu wanayoweza kufuata. Michezo imeingia darasani kama somo la kumjenga mtu maishani. Haiwezekani tuifundishe asubuhi kama taaluma, kisha jioni tuiendeshe kama kamari.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mkufunzi mpya apewe mkataba unaolingana na muda wa masomo: miaka minne katika vyuo vikuu, mitatu katika sekondari ya juu. Pili, mwisho wa kila msimu asomewe hesabu pana kuliko ya mabao: wachezaji wangapi wa mwaka wa kwanza walipata nafasi uwanjani, wangapi waliumia na wakatibiwa vipi, na wangapi walifaulu mitihani yao. Tatu, ratiba za mechi zipangwe na idara ya michezo pamoja na ile ya mitihani, si kila mmoja kwa upande wake. Nne, mwalimu anayebeba jukumu la timu apunguziwe vipindi, kwa maana hakuna awezaye kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

Hatutetei uzembe. Mkufunzi anayewapiga au kuwadhulumu wanafunzi, anayefuja fedha za timu, au anayeingiza mamluki kwa kujua, huyo asingoje miaka minne wala wiki nne. Aondolewe siku hiyo hiyo, hata kama anaongoza jedwali. Na mkufunzi ambaye kila mwaka wachezaji wake wanarudi nyuma badala ya kwenda mbele, naye muda wake ukiisha aagwe kwa heshima. Tofauti ni kwamba wa kwanza amevunja uaminifu, ilhali wa pili amepewa nafasi na kazi ikamshinda.

Kwa wanafunzi tuna neno moja. Nyinyi ndio mnaopiga kelele nyingi pembeni mwa uwanja, na nyinyi ndio mtakaokuwa walimu, wakuu wa vyuo na wasimamizi wa michezo baadaye. Msimu huu timu yenu ikifungwa, kabla hamjalitaja jina la mkufunzi, tazameni ni kijana gani wa mwaka wa kwanza aliyeingia dakika ya 60, kisha mkatazame atakavyocheza muhula ujao. Akiwa ameendelea mbele, basi kuna kazi inayofanywa hapo, na anayeifanya aachwe aimalize.