Mbele ya Bajaji Hakuna Kiti cha Abiria
Na Mwanaidi Shomari

Jumanne jioni, kwenye mataa ya Mwenge, Dar es Salaam, nimeona jambo linalonichoma mpaka leo. Bajaji imetoka Makumbusho, nyuma watu watatu wamebanana. Mbele, kushoto kwa dereva, binti wa sare ya shule amekalia tako moja, begi kalipakata, mguu unaning'inia nje. Taa zikaruhusu. Dereva akakata kona kushoto kuingia barabara ya Sam Nujoma. Usukani wa bajaji ni mpini kama wa pikipiki: ukikata kushoto, upande wa kushoto unarudi nyuma. Ukamkuta binti tumboni. Akajikunja, kona ikaishia nusu, daladala iliyokuwa nyuma ikafunga breki huku inapiga honi. Na abiria wa nyuma, watu wazima, wakamgombeza mtoto: "Sogea, unamzuia dereva!"

Asogee wapi? Waliounda chombo kile kule India waliweka mbele kiti cha mtu mmoja. Na utaratibu wetu unasema abiria watatu, basi. Huyu wa nne ni abiria wa hesabu ya bosi, pesa anayopelekewa mwenye bajaji kila jioni.

Mzee mmoja wa kijiweni kwetu, anayetetea kila chenye magurudumu, ameshaniuliza vijana wa bajaji watakula nini abiria huyo akikatazwa. Sina ugomvi na vijana. Bajaji inaingia vichochoro ambavyo daladala haivijui, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane hangojei basi la mwendokasi. Wapo walemavu katika jiji hili wanaosomesha watoto kwa bajaji. Nawaheshimu wote.

Ugomvi wangu ni na mwenye chombo, anayekaa kwake akisubiri hesabu ileile kila jioni, mvua inyeshe, mafuta yapande. Dereva akipeleka pungufu, kesho funguo anapewa mwingine. Ndiyo maana anamweka mtoto wa watu ubavuni na kuomba Mungu asikutane na trafiki. Akikutana naye, faini ni yake dereva. Bosi hata sura yake haijulikani barabarani.

Mwenye bajaji, shusha hesabu. Pesa ya abiria wa nne unaila wewe. Nawe mzazi, mwambie mwanao leo hii: mbele asikae, hata kama giza limeingia na bajaji nyingine haionekani.