Kasi ya keekee ni fedha ya mkulima

Bamba la chuma cha aloi lililotiwa ugumu hudumu kuliko chuma laini kwenye nyundo za mashine ya kusaga. Ndiyo maana mwenye mashine hukubali kulilipia zaidi. Hasara huanzia karakanani, pale fundi anapolitoboa kwa kasi ileile anayotumia kwa chuma laini. Keekee huungua baada ya tundu moja au mawili, na gharama yake humfikia mteja.

Lawama hutupiwa keekee kuwa ni feki. Zipo feki, lakini mara nyingi adui ni joto. Kasi ikizidi, makali hupata moto, na keekee ya kawaida yenye alama ya HSS hulainika joto linapokaribia nyuzi 600 za Sentigredi. Hapo husugua badala ya kukata.

Hesabu yake si ngumu. Chuma laini hutobolewa kwa kasi ya mita 25 hivi kwa dakika. Bamba lenye ugumu wa Brinell 400 linataka mita 9 hivi, tena kwa keekee yenye kobalti. Zidisha mita hizo kwa 1000, gawanya kwa 3.14, kisha gawanya kwa kipenyo cha keekee kwa milimita. Keekee ya milimita 12 itazunguka karibu mara 660 kwa dakika kwenye chuma laini, lakini mara 240 tu kwenye bamba gumu.

Kwa hiyo anayenunua mashine ya kutobolea asiulize nguvu ya mota peke yake. Aulize pia kasi yake ya chini kabisa. Mashine isiyoshuka chini ya mizunguko 500 itaipeleka keekee hiyo kwa kasi mara mbili ya inayofaa. Puli za kupunguza mwendo, maji ya kupoozea na mkandamizo usiolegea ni sehemu ya kazi, si anasa.

Tunashauri vyuo vya VETA na ofisi za SIDO mikoani zisaidie kila karakana kubandika ukutani jedwali la kasi. Mkulima naye, kabla ya kukabidhi bamba lake, amuulize fundi atalitoboa kwa mizunguko mingapi. Asiye na jibu atamtoza mteja gharama ya kubahatisha.