Mwenzio akisema shawa inamtekenya, msikilize

Mwezi huu nataka tuongee kuhusu kitu ambacho wachumba hawakitaji kabisa wanapopanga maisha, lakini kikiharibika nyumba nzima inakosa amani: hita ya maji ya kuoga. Usicheke. Kama umewahi kuishi nyanda za juu za Karatu mwezi wa saba, ukaamka alfajiri ukungu umejaa uani na kazini unatakiwa saa moja na nusu, unajua ninachosema.

Wapo wanandoa vijana wanaoishi kata ya Buger, huko huko Karatu. Nitawaita Baba Junior na Mama Junior, majina yao tunayaacha. Wote ni watumishi. Walipohamia pale walikuwa wanachemsha maji kwa kuni na mkaa kama watu wengi. Ila kuni siku hizi ni za kununua. Msitu wa Marang uko karibu, lakini sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, si mahali pa kuingia na panga.

Mama Junior alipopata ujauzito, mumewe alijibana, akaweka akiba kidogo kidogo, akashuka Karatu mjini na kurudi na shawa ya umeme, zile zinazopasha maji papo hapo yanapopita. Fundi akaifunga ndani ya nusu saa. Ilikuwa zawadi, na mke aliifurahia kweli kweli.

Junior alipofikisha miezi sita, maneno yakaanza.

"Baba Junior, hii shawa inanitekenya."

"Inakutekenya vipi?"

"Nikishika bomba nasikia kama sisimizi wanatembea mkononi."

Bwana akaingia bafuni, akaoga, akatoka. "Mbona mimi sisikii kitu? Acha kudeka, Mama Junior."

Mke akasema mara ya pili, na mara ya tatu. Mara ya nne hakusema tena. Alirudisha sufuria jikoni, akawa anachemsha maji yake na ya mtoto kwa mkaa, kimya kimya. Bwana alipoona kimya akajua yamekwisha. Kumbe moyoni kila mmoja ana lake. Mume anasema, "Nimejinyima kumnunulia kitu kizuri, anakidharau." Mke anasema, "Nimemwambia mara tatu, maisha yangu kwake si kitu." Usiku wakawa wanalala mzungu wa nne.

Sasa sikia. Junior alikuwa ameanza kutambaa. Jioni moja akaikokota ndala ya baba yake mpaka uani. Baba kuitafuta haioni, akaamua kuoga pekupeku. Alipofunga bomba la chuma mkono ukarushwa, bega likagonga ukuta. Alitoka bafuni na povu kichwani, anatetemeka. Mama Junior hakucheka. Alimwuliza neno moja tu: "Umeisikia?"

Kwa nini yeye alikuwa haisikii

Siku zote bwana alikuwa anaoga na kandambili. Mpira wa kandambili unazuia umeme kupita mwilini kwenda sakafuni. Mke alikuwa anaoga pekupeku juu ya sakafu iliyolowa, kwa hiyo umeme uliokuwa unavuja ulipata njia kupitia kwake. Shawa ni ile ile, maji ni yale yale, ila wawili hawa hawakuwa wamesimama mahali pamoja.

Na usije ukasema, basi dawa ni ndala. Ndala si dawa. Ukigusa ukuta uliolowa kwa bega, kandambili haikusaidii kitu. Hita ikikutekenya hata kidogo, zima umeme kwenye breka kubwa, na asioge mtu humo mpaka fundi wa umeme mwenye leseni aje.

Walimwita mwingine. Aligundua mambo matatu. Kwanza, waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haukuunganishwa kabisa. Pili, shawa ya wati 5,500 ilikuwa imeungwa kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5, wakati mzigo wa namna hiyo unahitaji waya wa milimita 6 na breka yake peke yake. Tatu, shawa ilikuwa ya aina ambayo koili inakaa wazi ndani ya maji, nayo ilishajaa ukoko mweupe. Maji yenye madini mengi yanapitisha umeme zaidi, ndiyo maana zipo shawa zenye koili iliyofungwa ndani ya ganda, ambazo madukani huuzwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Kama birika lako la chai linajenga ukoko mweupe, ulizia hizo.

Tutengeneze au tubadilishe?

Hapa ndipo wanandoa wengi wanagombana. Mmoja anataka mpya, mwingine anataka kubana matumizi. Ukweli ni kwamba jibu linategemea kilichoharibika.

Kama una hita ya tangi na maji hayapati moto kabisa, mara nyingi ni koili au themostati. Hivyo ni vipuri, vinabadilishwa na hita inaendelea na kazi. Kama maji yanachelewa kupata moto na inanguruma kama chungu, huenda ukoko umejaa ndani. Fundi aifungue, aisafishe. Mwambie pia aangalie fimbo ya magnesiamu. Fimbo hiyo imewekwa iliwe na kutu badala ya tangi, ikiisha inaanza kuliwa tangi lenyewe. Watu wengi hawajawahi hata kuisikia.

Lakini kama tangi lenyewe limetoboka na maji yanachuruzika mwilini mwa hita, usipoteze hela kuziba. Hilo ni la kubadilisha. Na kama ni shawa ya papo hapo iliyopasuka ganda au iliyoungua waya ndani, usiitie gundi.

Kuna kosa moja la hatari sana. Hita ya tangi ina valvu ya usalama ambayo hudondosha matone maji yanapopanuka kwa joto. Wapo wanaokereka na matone hayo, wanaiziba. Usithubutu! Siku themostati ikigoma, maji yatazidi kuchemka, presha itakosa pa kutokea, na tangi linaweza kupasuka kama bomu. Lingine kwa sisi ambao maji yanakatika bila hodi: maji yakikatika, zima hita. Koili ikiwaka bila maji, imekufa.

Walivyokaa na kalamu

Baada ya hofu kutulia, Baba na Mama Junior walikaa mezani na karatasi. Walipiga hesabu ambayo ilitakiwa ipigwe kabla ya zawadi kununuliwa. Shawa ya wati 5,500 ikiwaka dakika kumi inakula karibu uniti moja. Watu wawili, mara moja kwa siku, ni kama uniti 55 kwa mwezi, hujawasha friji wala pasi. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa daraja la D1 aliwekewa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza, na zinazozidi hapo shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Ndiyo maana LUKU inaweza kukimbia mwezi mmoja mpaka mkashukiana ndani ya nyumba, kila mtu akidhani mwenzie anasahau taa.

Wakachagua tangi dogo la lita 30 la wati 1,500, ambalo waya wao wa milimita 2.5 unalibeba. Kuyatoa maji kwenye baridi ya Buger mpaka nyuzi 60 ni kama saa moja na karibu uniti moja na nusu. Ukiyachanganya na ya baridi yanatosha ndoo mbili za kuoga za lita 20 na beseni la mtoto. Wanawasha jioni saa moja kabla ya kuoga, kisha wanazima. Fundi aliwachimbia fimbo ya ethi na kuwafungia ile breka inayokata yenyewe umeme unapovuja, ya miliampia 30. Hiyo breka usikubali kuikosa, hata kama ni nyumba ya kupanga. Ina kitufe cha kujaribia, kibonyeze kila mwezi uone kama inakata.

Na ukiwa na mtoto, kwenye beseni tangulia maji ya baridi ndipo uongeze ya moto. Maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtoto kwa sekunde chache tu.

Somo kwa wapendanao

Mpenzi msomaji, nilimwuliza Mama Junior ni nini kilimuuma zaidi. Hakutaja umeme. Alisema, "Kuambiwa nadeka." Nikamwuliza Baba Junior naye. Akasema ilimuuma alipogundua kwamba ile siku mkewe aliponyamaza, yeye alifurahi.

Kaka zangu, na dada zangu pia, tusifanye hivyo. Mwenzio akikwambia kitu kinamuumiza na wewe hukisikii, usikimbilie kusema ni mwongo au anadeka. Mwulize anasimama wapi akikisikia. Vua kandambili zako, simama hapo alipo. Na wewe unayeumia, usirudi kimya kwenye sufuria yako ukaacha wengine waendelee kuoga kwenye hatari. Sema tena, hata kama ni mara ya nne. Mgeni wenu au mama mkwe hajui kwamba bafu lenu linahitaji ndala.

Zawadi nayo ikiharibika haina maana upendo umeharibika. Ile shawa ya Baba Junior ilitolewa ukutani ikawekwa stoo. Mkewe amekataa isitupwe. Anasema aliyeinunua alikuwa na nia njema, tatizo lilikuwa waya.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Leo jioni kabla ya kuoga, hebu mwulize mwenzio: hivi ile hita yetu, wewe unaionaje?