Moto wa Reichstag na Amri ya Kesho Yake

Usiku wa tarehe 27 Februari 1933 jengo la Bunge la Ujerumani, Reichstag, liliteketea mjini Berlin. Ndani yake alikamatwa Mholanzi wa miaka 24, Marinus van der Lubbe. Wanazi walidai ni njama ya Wakomunisti. Wakomunisti wakawarudishia Wanazi lawama hiyo hiyo. Mwaka 1962 Fritz Tobias alishikilia kwamba kijana yule alitenda peke yake. Mwaka 2014 Benjamin Hett akalipinga hilo.

Ubishi huo twawaachia wanahistoria. Sisi mawakili twauliza juu ya kesho yake, Rais Hindenburg alipotia sahihi amri iliyosimamisha uhuru wa kusema, wa magazeti na wa kukutana. Maelfu wakatiwa kizuizini bila mashtaka. Tarehe 29 Machi ikatungwa sheria ya kuirudisha nyuma adhabu ya kifo, impate hata aliyekwisha kukamatwa kabla adhabu hiyo haijakuwapo. Hiyo nayo iliitwa sheria!

Mahakama ya Leipzig iliwaachilia Wakomunisti wanne kwa kukosa ushahidi. Van der Lubbe alikatwa kichwa Januari 1934. Hukumu yake ilitangazwa kuwa batili Januari 2008.